Wazazi wa watoto wenye usonji Kigoma: ruzuku tuombe wapi?

Mzazi_Gungu: Wakuu, habari za jioni. Tuko wazazi 10 wa Gungu na Katubuka, kikundi chetu kimesajiliwa halmashauri. Tunataka kujenga kituo cha watoto wenye usonji. Ile asilimia 2 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa watu wenye ulemavu inafaa, au tutafute wafadhili? Andiko la mradi la kuombea fedha hatujawahi kuandika.

Maandiko_Kgm: Poleni na majukumu. Asilimia 2 ni mkopo. Hauna riba, lakini unarudishwa, na huduma kwa watoto haiingizi hela ya marejesho. Msiuguse kwa kazi hii.

Jengo nalo liwekeni kando kwanza. Mfadhili atauliza hati ya kiwanja, umeme atalipa nani, mtaalamu atatoka wapi. Ubalozi wa Japani una ruzuku ya miradi midogo ya jamii, inalipia ujenzi na vifaa, ila mishahara na gharama za uendeshaji hailipi. Bila mtu wa kuwahudumia watoto mtabaki na kuta.

Anzeni na mafunzo ya walezi ya Shirika la Afya Duniani: watoto wa miaka 2 hadi 9, vikao 9 vya kikundi, ziara 3 za nyumbani. Wawezeshaji si lazima wawe wataalamu, mradi wamefundishwa na wana msimamizi. Hapo bajeti inahesabika. Familia 10 kwa vikao 9 ni nauli 90. Ziara 30, wawezeshaji wawili wawili, ni nauli 60. Kwa shilingi 4,000 kwenda na kurudi, jumla 600,000. Mkiandika "usafiri, milioni moja" bila mchanganuo, andiko linawekwa pembeni.

Tibakazi: Naomba sana msiandike "kutibu usonji" popote kwenye andiko. Usonji si ugonjwa wa kuponywa, na anayesoma maandiko akiliona anajua hamjajiandaa. Andikeni matokeo yanayoonekana kwa macho: mtoto anachukua kadi ya picha ya kikombe, anampa mama, anapewa maji, hajigongi kichwa ukutani. Hesabuni anafanya hivyo mara ngapi kwa wiki kabla ya kikao cha kwanza, mrudie baada ya cha 9. Msipopima mwanzoni, ripoti ya mwisho haitakuwa na cha kulinganisha.

Kadi ziwe na picha ya kikombe cha nyumbani kwake hasa, kile cha bati au cha plastiki anachokijua. Mchoro wa mtandaoni watoto wengi hawauhusishi na kitu chenyewe. Pigeni laminesheni, zinatafunwa.

Mzazi_Gungu: Ahsanteni mno. Usajili wa halmashauri unatosha?

Mhasibu_Ujiji: Inategemea mfadhili, someni tangazo lake. Abilis, mfuko wa Ufini unaofadhili vikundi vya watu wenye ulemavu, huangalia kama walemavu wenyewe, au wazazi kwa upande wa watoto, ndio wanaoongoza. Katiba yenu iseme hivyo waziwazi. Wafadhili wengi wa fedha kubwa watataka cheti cha NGO chini ya Sheria Na. 24 ya 2002, na mnaweza kujisajili ngazi ya wilaya.

Akaunti iwe kwa jina la kikundi, watia saini watatu, wasiwe wa nyumba moja. Fedha ikipita kwenye simu ya mwenyekiti hata mara moja, mkaguzi ataishikilia hiyo.

Tibakazi: Na picha za watoto msiambatanishe bila ridhaa ya mzazi iliyosainiwa. Kwenye orodha ya watoto mnayoituma tumieni namba, majina yabaki kwenye daftari la kikundi.