Naomba ushauri: taa ya kumulika mbali kwa lenzi bapa ya runinga

Ndugu zangu, salamu kutoka Lamu. Nimetoa lenzi bapa ya plastiki, yenye mifereji ya duara kama santuri, kwenye runinga kuukuu ya projekta. Nataka kuunda taa ya kuwamulikia wavuvi wetu wanaporudi usiku upande wa Shela. Ikielekezwa juani, ubao hufuka moshi pale miale inapokutana, kwa hiyo mchana naifunika blanketi. Taa itakaa kwenye nukta hiyo. Fundi mmoja ananishauri LED pana ya wati 100, lakini chanzo kikiwa kipana mwali hutawanyika! Je, LED ndogo kali ya volti 12 itafaa? Na mifereji ielekee taa au nje?