Santuri za jazz zilizoachwa Moshi: nizitambueje, na niziuze vipi mtandaoni?

Mtunza Sanduku (Moshi)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Familia ya marehemu mwalimu mmoja wa hapa Moshi, aliyesoma Marekani miaka ya 1960 na kurudi nyumbani na masanduku mawili ya santuri, imenikabidhi mzigo huo niutafutie wanunuzi, kwa kuwa hapa mtaani kwetu Soweto nafahamika kwamba bado nina gramafoni inayofanya kazi. Wameniomba mambo mawili: wapate bei ya haki, na santuri ziende kwa watu watakaozisikiliza.

Nyingi ni LP, yaani santuri kubwa za albamu nzima, za jazz ya Marekani. Kuna Dave Brubeck, Horace Silver, Jimmy Smith na Art Blakey, na kadhaa kati ya hizo zina lebo ya Blue Note ya rangi ya buluu na nyeupe. Chini ya sanduku la pili zimo santuri ndogo za 45 (mizunguko 45 kwa dakika) za bendi zetu, zikiwemo Morogoro Jazz, NUTA Jazz na Western Jazz, ambazo karibu zote hazina majalada bali zimo katika bahasha za karatasi tu.

Nilipotafuta mtandaoni nilikuta santuri yenye jina moja, msanii mmoja na jalada lilelile ikitangazwa kwa bei ndogo kabisa na muuzaji mmoja, na kwa mamia ya dola na muuzaji mwingine. Ni nini hasa kinachozitofautisha? Nitajuaje niliyo nayo ni ipi? Na je, mtu wa Moshi anaweza kuiuza nje kwa usalama, kuanzia kufungasha hadi kupokea fedha? Nauliza kwa sababu dalali mmoja amekuja akataka kuchukua masanduku yote kwa bei moja kwa kila santuri, bila hata kuzitoa ndani ya majalada.

Sikio la Njiro (Arusha)

Ndugu yangu wa Moshi, pole kwa msiba, na hongera kwa kuaminiwa. Dalali huyo usimpe jibu bado. Anayetaka kununua santuri bila kuzitazama ama hajui anachonunua, ama anajua vizuri sana.

Tofauti ya bei unayoiona inatokana na chapa, yaani santuri hiyo ilichapwa lini na wapi. Albamu moja ya jazz ya mwaka 1959 huenda imechapwa upya mara nyingi, Marekani, Japani na Ulaya, katika miongo yote iliyofuata, na jalada likabaki na sura ileile. Mkusanyaji analipa fedha nyingi kwa chapa iliyotoka wakati albamu ilipotolewa, kwa viwanda vya wakati ule na kutoka kwenye kanda ikiwa bado mbichi. Kwa hiyo jalada litakupa jina tu. Ukweli umo kwenye lebo, na zaidi ya lebo, umo kwenye ule ukanda laini usio na muziki ulio kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Inamisha santuri chini ya taa moja kali na utaona herufi na namba zilizochongwa au kugongwa muhuri humo. Ziandike zote kama zilivyo, pande zote mbili, hata alama usizozielewa.

Tuanze na Blue Note, kwa sababu hapo ndipo penye fedha na ndipo watu wanapopotoshwa sana. Kampuni hiyo ilianzishwa New York mwaka 1939, na kwa miaka mingi rekodi zake zilifanywa na fundi Rudy Van Gelder, kwanza Hackensack na kuanzia mwaka 1959 Englewood Cliffs, huko New Jersey. Alikuwa akiacha alama yake kwenye ukanda huo: RVG, na baadaye muhuri wa VAN GELDER. Alama hiyo inathibitisha kwamba yeye ndiye aliyechonga sahani mama, yaani ile ambayo santuri huchapwa kutokana nayo, lakini haithibitishi kwamba santuri ni ya chapa ya kwanza, kwa sababu sahani mama zake ziliendelea kutumika baada ya kampuni kuuzwa. Unatakiwa utafute pia alama ndogo inayofanana na sikio. Hiyo ni herufi P ya kiwanda cha Plastylite, kilichochapa santuri za Blue Note hadi mwaka 1966. Kampuni ilinunuliwa na Liberty mwaka 1965, na wenye mali wapya walikuwa na akiba ya lebo za zamani, wakazitumia. Ndiyo maana utakutana na santuri yenye lebo ya zamani kabisa ya New York na isiyo na sikio hilo: hiyo imechapwa wakati wa Liberty, hata kama lebo inasema vingine. Tangazo linalotaja lebo na kunyamaza juu ya P lina mashaka, na mnunuzi mzoefu atakuuliza jambo hilo kabla ya jambo lingine lolote.

Kwa Brubeck, kama ni albamu yake ya Time Out ya kampuni ya Columbia, tazama lebo. Zile za mwaka 1959 zina alama sita za jicho pembeni, tatu kila upande, na namba yake ni CL 1397 kwa mono au CS 8192 kwa stereo. Usitarajie utajiri hapo, kwa maana albamu hiyo iliuzwa kwa wingi mno na nakala bado zipo tele. Jambo la pekee ni hali yake: iliyotunzwa vizuri si rahisi kuipata, kwa kuwa watu waliipiga hadi ikachakaa.

Ukishaandika namba zote, ziingize Discogs, tovuti iliyoanza mwaka 2000 na ambayo huorodhesha kila chapa peke yake pamoja na alama zake. Linganisha herufi kwa herufi. Kwenye ukurasa wa chapa yako utaona bei ya chini, ya kati na ya juu ambazo nakala zimeuzwa kweli. Hizo ndizo za kuzitegemea, kwa maana bei anayoomba muuzaji ni matumaini yake tu hadi mtu alipe.

Mama Santuri (Sakina, Arusha)

Ndugu wa Njiro ameeleza vizuri habari ya chapa. Mimi nauza nje kwa miaka sasa, na ningependa niongeze habari ya hali ya santuri, kwa sababu ugomvi mwingi kati ya muuzaji na mnunuzi unazaliwa hapo.

Wanunuzi wa nje wanatumia alama za jarida la Goldmine la Marekani: M (Mint, mpya kabisa), NM (Near Mint, karibu na mpya), VG+ na VG (Very Good), G (Good) na kushuka chini. Mtu mgeni akiona G anadhani ni santuri nzuri, kumbe hiyo ni santuri iliyochakaa yenye kelele kutoka mwanzo hadi mwisho. Santuri iliyowahi kupigwa nyumbani haiwezi kuwa M, na kwa masanduku yaliyokaa miaka yote hiyo, ukipata VG+ za kutosha umshukuru marehemu kwa utunzaji wake. Jalada nalo lipewe alama yake mbali na santuri.

Usikadirie kwa macho peke yake. Itazame kwanza kwenye mwanga wa dirishani, pitisha ukucha taratibu juu ya kila mkwaruzo ujue kama una kina, kisha ipige. Kwenye LP ya mizunguko 33⅓ kwa dakika, mkwaruzo mmoja unaokatiza mifereji hutoa mlio kila sekunde 1.8, na unaweza kuhesabu milio hiyo na kuiandika kwenye tangazo: wimbo wa pili upande wa kwanza, milio sita, sindano hairuki. Mnunuzi wa Osaka au Berlin akisoma maneno hayo anajua unaisikiliza santuri unayoiuza, na atalipa zaidi kwa VG iliyoelezwa hivyo kuliko kwa VG+ isiyo na maelezo.

Kabla ya kupiga, safisha. Usitumie maji ya bomba, kwa kuwa yetu ya huku chini ya Meru na Kilimanjaro yana madini yanayobaki kwenye mifereji yakikauka. Nunua yale maji safi ya kuongezea betri, na uhakikishe si asidi, utumie kitambaa laini na ufuate mzunguko wa mifereji, bila kulowesha lebo. Kama ndani ya sanduku kuna santuri za zamani za mizunguko 78, zile nzito zinazovunjika kama kigae, usiziguse kwa spiriti hata kidogo, kwa sababu nyingi zimetengenezwa kwa utomvu wa lak, na spiriti huuyeyusha.

Wakati wa kutuma, itoe santuri ndani ya jalada, uiweke katika bahasha yake ya ndani nyuma ya jalada, vyote viwili ndani ya mfuko wa plastiki. Ukiiacha ndani, ukingo wake utapasua mshono wa jalada safarini. Weka kadibodi ngumu mbili kila upande, pana kuliko jalada, ili pembe zisipigwe. Posta watakupa fomu ya forodha, CN22 kwa kifurushi cha thamani ndogo au CN23 kwa chenye thamani kubwa. Andika bei ya kweli, na chagua huduma yenye namba ya kufuatilia. Usikiache kifurushi ndani ya gari lililofungwa vioo juani, hasa kwa joto la Moshi la Februari, maana plastiki ya santuri hujipinda na haitanyooka tena kama ilivyokuwa.

Kuhusu fedha, hakikisha kabla ya kutangaza kwamba akaunti yako inaruhusiwa kupokea malipo kutoka nje, kwa kuwa kuna huduma zinazomruhusu mtu kulipa tu. Usitume kitu kwa ahadi.

Mzee wa Mbuyuni (Moshi)

Kijana, nimesoma mashauri ya wenzangu nikaona wote wamezungumzia LP za Marekani. Mimi nina neno juu ya zile ndogo za 45.

Bendi zetu zilijiita Jazz tangu zamani. Dar es Salaam Jazz ilianza mwaka 1932. Muziki wao ni dansi, na ukiuorodhesha chini ya jazz ya Marekani utawakosa wanunuzi wanaoutafuta. Utaje kuwa ni muziki wa dansi wa Tanzania, utaje bendi, nyimbo za pande zote mbili, lebo na namba. Nyimbo zilirekodiwa kwa wingi Radio Tanzania, lakini santuri zilichapwa Nairobi, hivyo usishangae lebo ikisema Kenya.

Naomba usizifungashe haraka kwenda Ulaya. Baadhi ya nyimbo za miaka ile hazipatikani kirahisi popote isipokuwa kwenye santuri kama hizo, na LP ya Brubeck ikipotea zipo nyingine maelfu. Familia imesema ziende kwa watu watakaozisikiliza. Basi zitangaze kwanza hapa nchini, na kabla ya kuziachia, zinakili kwenye kompyuta kwa ajili ya familia. Kuzipakia mtandaoni ni jambo lingine, maana nyimbo zina wenyewe na warithi wao.

Tena tazama kama mwalimu alileta Uhuru Afrika, albamu ya mpiga piano wa Marekani Randy Weston, iliyorekodiwa New York mwezi wa Novemba 1960. Maneno yake yaliandikwa na mshairi wa Marekani Langston Hughes, na anayesikika humo akisema Kiswahili ni Mtanganyika, Tuntemeke Sanga. Afrika Kusini waliipiga marufuku mwaka 1964. Kama ipo, mimi ni mnunuzi, na nitalipa bei ya kati ya huko Discogs bila kubishana.

Mpenda Tarumbeta (Usa River)

Kwa wanaosoma mada hii wakitaka kununua kutoka nje badala ya kuuza: pigeni hesabu ya kodi mapema. Forodha hukadiria ushuru kwa bei ya santuri pamoja na usafirishaji na bima, kisha VAT ya asilimia 18 inakokotolewa juu ya jumla hiyo ikiwa na ushuru ndani yake. LP ya bei rahisi inaweza kugharimu mara mbili ikifika Arusha, kwa hiyo agizeni kadhaa kwa muuzaji mmoja.

Tena, chapa mpya za Ulaya za jazz ya miaka ya 1950 ni nyingi na bei yake ni ndogo kwa sababu rekodi zilizotolewa huko kabla ya mwaka 1963 zimekwisha muda wa ulinzi wa hakimiliki. Ni halali huko, lakini nyingi hazisemi zimetolewa kwenye kanda gani. Msinunue mkidhani ni mali ya mkusanyaji.

Mtunza Sanduku (Moshi)

Mzee, shikamoo. Mama na ndugu zangu, nashukuru sana. Dalali nimemwambia asubiri. Uhuru Afrika haimo, Mzee, nimetafuta masanduku yote mawili. Hizo 45 nitazinakili kwanza, na familia imekubali zitangazwe hapa nchini kabla ya kwingine.

Nimetazama ile ya Horace Silver chini ya taa. Lebo inasema New York USA, muhuri wa VAN GELDER upo pande zote mbili, lakini sikio silioni. Brubeck ni CS 8192 yenye macho sita.

Sikio la Njiro (Arusha)

Basi Horace Silver ni chapa ya wakati wa Liberty iliyovaa lebo ya zamani. Bado ni santuri nzuri sana, kwa sababu sauti imetoka kwenye sahani aliyochonga Van Gelder mwenyewe, na wako wanaozitafuta hizo kwa makusudi kwa kuwa bei yake inafikika. Andika waziwazi kwenye tangazo: lebo ya New York, muhuri wa VAN GELDER, haina P. Piga picha ya ukanda huo ukiwa umeinamisha santuri, usitumie mweko wa kamera kwa sababu unafuta herufi, na uweke bei kwa kufuata zilizouzwa za chapa hiyohiyo. Ukimaliza na Blue Note zilizobaki, leta alama zake hapa tuzisome pamoja kabla hujapanga bei.