Jodari na taa: naweza kuwatunza namna moja?

MgahawaSinza: Habari wadau. Nataka niwe nachukua samaki, jodari na taa, soko la Feri alfajiri, nawapeleka Sinza mgahawani. Njiani ni kama saa moja, foleni ikikaza zaidi. Boksi la barafu ninalo moja tu, la lita 60. Naweza kuwachanganya? Na nitajuaje taa ameharibika, maana harufu yake siielewi?

FundiMinofu: Mkuu, hao wamefanana kuishi chumvini tu. Jodari ana mifupa, haachi kuogelea usiku na mchana kwa sababu lazima maji yapite mashavuni, na misuli yake ina joto kuliko bahari yenyewe. Taa ni gegedu tupu, hujilaza mchangani, na damu yake imejaa yurea inayomwezesha kuhimili chumvi.

Mchawi wa jodari ni histamini. Akikaa kwenye joto, bakteria huitengeneza nyamani, na ikishaingia haitoki kwa kukaanga, kuchemsha wala kugandisha. Samaki anaweza kuonekana mzima na asinuke kabisa, lakini mlaji akawashwa mwili, uso ukawa mwekundu na kichwa kikamgonga, pengine ndani ya nusu saa. Kwa hiyo wekundu wa mashavu usikudanganye. Uliza ametoka majini saa ngapi na kama alipigwa jua. Mtumbue, toa mashavu, jaza barafu iliyopondwa tumboni: kilo 1 ya barafu kwa kilo 1 ya samaki. Barafu ya mabonge haimgusi vizuri, nyama ya katikati inabaki na joto. Tundu la chini la boksi liache wazi maji yatoke.

BintiKunduchi: Taa ni kinyume chake, yeye hujitangaza mapema. Ile harufu kali kama ya mkojo ni amonia, yurea ikivunjwa na bakteria. Wa alfajiri hiyohiyo hatakiwi kukuchoma pua. Mashavu usihangaike nayo, matundu yake yako upande wa tumbo. Bonyeza bawa uone kama nyama inarudi.

Kata mabawa mapema, suuza damu yote. Yamwagie maji ya moto sekunde chache tu, kisha kwangua utelezi kwa kisu. Ukizidisha, ngozi inaiva na kushikana na nyama. Loweka nusu saa: lita 1 ya maji, kijiko 1 cha chumvi, ndimu 2. Harufu ikiwa bado ipo baada ya hapo, tupa. Kwenye boksi mfunge kwenye mfuko wake, la sivyo maji yake yatamfikia jodari.

MgahawaSinza: Asante dada. Jodari akikaa mnadani saa tatu bila barafu, nikiwahi kumgandisha?

FundiMinofu: Haisaidii. Kugandisha kunasimamisha tu, hakurudishi nyuma, na ukimyeyushia mezani mambo yanaendelea pale yalipoishia. Mwache, chukua changu, huyo hana tabu ya histamini. Usikimbilie nguru au vibua, ni walewale.

Mpaaji_Feri: Mmesahau mwiba! Hata taa aliyekufa, mwiba wa mkiani una sumu. Hakikisha mkia umekatwa kabla hujamtia boksini. Ukichomwa, tumbukiza mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, nyuzi 45 hivi, kwa nusu saa au zaidi, halafu nenda zahanati, maana kipande cha mwiba huweza kubaki ndani.

MgahawaSinza: Nimeelewa. Naongeza boksi la pili.