Injini imezima nikiwa kasi barabara kuu: nipeleke malalamiko kwa muuzaji, kiwandani, serikalini au kwa wakili?

Mwanahawa_Columbus
Wakuu, habari za jioni. Naishi Ohio, Marekani. Gari langu ni la 2016, limetembea maili 94,000. Jina la kampuni silitaji.

Jumanne alfajiri natoka zamu ya usiku, niko maili 65 kwa saa, nikasikia injini inagonga mara tatu, ko ko ko, kama mtu anapiga nyundo chini ya miguu yangu. Ikazima. Usukani ukawa mzito, nyuma kuna lori. Nilifika pembeni kwa sababu tu pale barabara inateremka. Taa ya oili haikuwaka hata mara moja. Nilipochomoa kijiti cha kupimia kilikuwa kikavu, na oili nilibadilisha wiki sita zilizopita.

Muuzaji anasema waranti imekwisha na injini nyingine ni dola 7,800. Nikabanane naye, nipige simu makao makuu ya kampuni, niandikie serikali, yaani NHTSA, au nitafute wakili? Nina watoto wawili na muda ni mdogo. Naomba mliopitia mnieleze ipi ina maana.

Mzee_wa_Minnesota
Pole sana dada, tumshukuru Mungu umefika nyumbani.

Njia hizo hazifanyi kazi moja. Muuzaji na kampuni wanashughulikia gari lako. NHTSA ni idara ya serikali ya usalama barabarani. Haitakulipa senti, wala haitamlazimisha muuzaji akufungie injini. Inachotafuta ni kama gari la aina yako linazima hivyo kwa watu wengine. Ikionekana ni kasoro ya usalama, kampuni inalazimika kuyaita magari yote na kuyatengeneza bure.

Mimi ningeandikia NHTSA usiku huu huu. Fomu iko mtandaoni, andaa ile namba ya gari ya tarakimu na herufi 17. Na tafadhali, usianze na "gari linakula oili, muuzaji ananidai 7,800." Hilo linasomeka kama ugomvi wa bei. Anza na kilichotokea: tarehe, kasi, injini ilizima bila taa yoyote kuwaka, usukani ulikuwa mzito, lori lilikuwa nyuma. Bei iweke mwisho. Kesho piga simu kampuni, usikate mpaka wakupe namba ya kesi.

fundi_gerezani
Dada, mimi ni fundi hapa Dar. Huo mlio unaoeleza ni wa beringi za konrodi, yaani vile vipande vinavyokaa kati ya mkono wa pistoni na kranki. Oili ikikosekana au njia zake zikiziba, beringi inasagika, chuma kinakutana na chuma, na mwisho injini inanoki. Mbaya zaidi konrodi inaweza kutoboa bloku, oili ikamwagikia chuma cha moto, gari likawaka. Kwa hiyo ni jambo la usalama, usikubali mtu akuambie ni uchakavu tu.

Kabla mafundi wa muuzaji hawajagusa kitu, waambie oili iliyobaki waikinge kwenye chombo safi mbele yako. Ipige picha juani. Ukiona inametameta kama imetiwa vumbi la fedha, hiyo ni beringi yako. Chujio la oili nalo lisitupwe. Na kusanya risiti zote za kubadilisha oili, maana swali lao la kwanza litakuwa kama ulitunza injini.

Kamau_Dallas
Kwa heshima zote, mimi niliandikia NHTSA na hakuna aliyenipigia simu. Wanachoogopa hawa watu wa kampuni ni wakili.

Mzee_wa_Minnesota
Kamau ndugu yangu, nakuelewa, ila kutopigiwa simu si kutosomwa. Malalamiko yanakaa kwenye hifadhi ya wazi, bila jina lako, na yakirundikana ndiyo yanayofungua uchunguzi.

Angalia injini za Theta II za Hyundai na Kia. Mabaki ya chuma kutoka kiwandani yaliziba njia za oili kwenye kranki, beringi zikafa, injini zikazima njiani. Hyundai ilianza kuyaita magari 2015, mengine yakaongezwa 2017. Mhandisi wa ndani ya Hyundai, Kim Gwang-ho, alipeleka taarifa NHTSA. Novemba 2020 kampuni zote mbili zilikubali adhabu ya jumla ya dola milioni 210 kwa madai ya kuchelewa kuyaita magari, na mwaka 2021 Kim alilipwa zaidi ya dola milioni 24 kwa taarifa yake.

Wakili anafaa, lakini naye atakuuliza ushahidi uko wapi. Na ukilipia injini leo, tunza risiti: wito ukitoka baadaye, unaweza kudai urudishiwe.

Salma_Leicester
Kwa walio Uingereza mpangilio ni tofauti kidogo. Unaanza kwa mtengenezaji, na usiporidhika unapeleka DVSA, wakala wa serikali anayesimamia usalama wa magari.

kijana_wa_Tabata
Na sisi wenye magari ya mtumba kutoka Japani? Mengi hata hiyo namba ya herufi 17 hayana.

fundi_gerezani
Mdogo wangu, tumia namba ya chesisi iliyo kwenye kadi ya gari. Tovuti za watengenezaji wa Japani zinakubali namba hiyo, zinakuonyesha kama gari liliitwa na halikutengenezwa. Ni za Kijapani, lakini simu inatafsiri. Nimeletewa gari lenye wito ambao mwenyewe hakuujua miaka minne! Ukikuta wito, chapisha ukurasa huo uende nao kwa wakala wa kampuni hapa nchini. Aliyekuuzia akikudanganya hali ya gari, mpeleke Tume ya Ushindani, FCC. Wa Kenya nao wana mamlaka yao ya ushindani inayopokea malalamiko ya walaji.

Mwanahawa_Columbus
Asanteni sana, Mungu awabariki. NHTSA nimeandika jana usiku, nimepewa namba ya kumbukumbu. Kampuni nao wamenifungulia kesi, wanataka risiti za oili. Ninazo sita, moja imepotea, gereji wamekubali kunichapishia nyingine.

Fundi, leo nimesimama pale wakikinga oili. Imetoka kidogo, haijai kikombe cha chai, na inametameta kama ulivyosema. Nimepiga picha nane.