Intaneti ya nyumbani Mombasa: faiba ya 2,999, ya 4,100, au dishi la Starlink?

Mwalimu wa Bamburi

Ndugu zangu, naomba ushauri wa watu wanaolipia intaneti ya nyumbani kutoka mifukoni mwao. Tunaishi watu watano katika nyumba ya kupanga, ghorofa ya tatu, na hadi sasa kila mmoja hununua bando zake za simu, jambo ambalo hutumaliza fedha kidogo kidogo kabla ya mwezi kwisha. Mimi hufundisha kwa video jioni, mume wangu huwatumia wateja wake michoro mikubwa ya majengo, na watoto wana masomo yao na katuni zao. Tangu Safaricom ilipoongeza kasi mnamo Septemba 2024 bila kugusa bei, kifurushi chao cha faiba cha shilingi 2,999 ni cha megabiti 15 kwa sekunde, cha 4,100 ni cha 30, na cha 6,299 ni cha 80. Starlink, wanaoleta intaneti kwa setilaiti, nao hutoza 6,500 kwa mwezi, mbali na gharama ya dishi. Nikigawanya bei kwa megabiti, kifurushi kidogo kinanigharimu shilingi 200 hivi kwa kila megabiti, ilhali kile cha 80 hakifiki shilingi 80, kwa hiyo kikubwa ndicho kinachoonekana nafuu. Je, kuna jambo ninalolisahau?

Fundi wa Nyaya

Mwalimu, hesabu yako haina kosa, ila megabiti usiyoitumia haiwezi kuitwa nafuu. Anza na saa ile ambayo nyumba nzima iko mtandaoni. Darasa la video lenye picha safi linahitaji megabiti 4 hivi, na filamu ya HD huhitaji kama 5. Ukiwa darasani huku watoto wakitazama vitu viwili tofauti, tayari mmefika 14, na kifurushi cha 15 hakina pumzi iliyobaki. Cha 30 kinawatosha, na cha 80 mtakilipia bila kukimaliza.

Michoro ya mumeo itazamwe peke yake, kwa kuwa hapo kinachohesabika ni kasi ya kupakia, yaani ya kutuma mafaili, ambayo matangazo mengi hayaitaji. Kumbuka pia kwamba kasi huuzwa kwa biti ilhali mafaili hupimwa kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Faili la megabaiti 500 kwenye laini ya megabiti 15 litachukua dakika nne na nusu hata kama hakuna mwingine anayeitumia, na katika muda huo sauti yako darasani itaanza kukatikakatika. Kwa hiyo muulize kila mtoa huduma swali hili waziwazi: je, kasi ya kupakia ni sawa na ya kupakua?

Watu wengi hudhani kwamba faiba hupungua kasi usiku kwa sababu majirani wanagawana uzi mmoja. Ni kweli kwamba wanagawana, kwani katika GPON, mfumo unaotumika sana kugawa faiba majumbani, uzi mmoja hubeba takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde na mara nyingi hugawanywa kwa nyumba 32. Hata hivyo, nyumba zote 32 zikivuta kwa wakati mmoja, kila moja bado hupata kama megabiti 78. Msongamano wa jioni kwa kawaida hutokea mbele zaidi, pale ambapo kampuni imenunua uwezo mdogo kuliko idadi ya wateja wake. Kampuni mbili zinaweza kupita kwenye nguzo ileile na kutofautiana kabisa saa tatu usiku, wala orodha ya bei haitakuonyesha hilo. Mwombe jirani aliyeunganishwa akuruhusu upime kasi kwake kati ya saa mbili na saa nne usiku, siku ya kazi na pia Jumapili.

Mkaazi wa Kilifi

Mimi niko shambani, mbali na nguzo yoyote ya faiba, na Starlink imenifaa sana. Setilaiti zake ziko umbali wa kilomita 550 hivi, wakati zile za zamani ziko takriban kilomita 36,000, na ndiyo maana mazungumzo ya video hayachelewi kama ilivyokuwa kwa madishi ya zamani. Agosti 2024 walianza pia kukodisha dishi kwa shilingi 1,950 kwa mwezi. Hata hivyo, dada, kwa mtu anayeishi ghorofani Bamburi nisingelipendekeza. Dishi linataka anga wazi, hivyo utahitaji ruhusa ya kupanda paa, na kasi ya kupakia ni ndogo sana ikilinganishwa na ya kupakua. Tena Novemba 2024 kampuni hiyo ilisimamisha kuandikisha wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa sababu uwezo ulikuwa umejaa. Tatizo hilo huyakumba zaidi maeneo yenye watu wengi, kama hapo kwenu.

Binti wa Mji wa Kale

Naongeza habari ya ubora, maana bei mmeijadili vya kutosha. Kampuni niliyokuwa nayo awali ilikuwa na kasi nzuri kabisa, lakini ilipokatika wakati wa masika tulikaa siku nyingi huku tukiambiwa kila asubuhi kwamba fundi yuko njiani. Kwenye kisanduku cha faiba taa ya LOS ilikuwa ikiwaka nyekundu, maana yake mwanga unaobeba intaneti kwenye uzi haufiki, na fundi alipokuja hatimaye alikuta waya umebanwa kwenye kona ya dirisha. Kazi yenyewe haikumchukua muda. Kwangu mimi, muda ambao kampuni huchukua kutengeneza ni sehemu ya bei, na majirani ndio watakaokuambia ukweli wake.

Jambo la pili ni waifai. Nyumba zetu za mawe ya matumbawe zina kuta nene, na mawimbi ya gigahezi 5, ambayo ndiyo yenye kasi, hayazipenyi vizuri. Yale ya 2.4 hupenya, lakini katika jengo la ghorofa hugongana na ya majirani. Kabla ya kupandisha kifurushi, sogeza ruta katikati ya nyumba, na kompyuta ya kufundishia iunganishe kwa waya.

Mwalimu wa Bamburi

Nawashukuru sana. Jirani wa ghorofa ya pili amekubali nipime kwake wiki hii. Swali langu la mwisho ni kuhusu umeme, kwa kuwa hapa stima hukatika jioni mara kwa mara.

Fundi wa Nyaya

Kisanduku cha faiba na ruta hula wati chache tu, kwa hiyo betri ndogo ya kuhifadhi umeme, ya volti 12, itakuvusha saa kadhaa, mradi volti zilizoandikwa kwenye adapta zilingane na za betri hiyo. Dishi la Starlink hula wati makumi kadhaa na litahitaji betri kubwa zaidi, gharama nyingine ya kuweka kwenye mizani yako. Betri yako haitasaidia ikiwa vifaa vya kampuni vilivyo mtaani navyo vimezimika, kwa hiyo stima ikikatika mpigie jirani yuleyule umuulize kama laini yake bado inafanya kazi.