Mrejesho: yule binti yangu wa bweni Uingereza

Wapendwa, mwezi wa kwanza niliwauliza kama nimrudishe Dar binti yangu wa miaka 13, maana kila akipiga simu ni kilio. Asanteni, hasa dada aliyesema niongee na matroni kabla ya kukata tiketi.

Kumbe shida ilikuwa saa na nywele! Simu zao hukusanywa saa tatu usiku. Kipindi hiki cha baridi kwao, huku kwetu inakuwa saa sita, mimi nakoroma. Mtoto akajua nimemsusa. Sasa tunaongea saa kumi na mbili jioni ya kwao, kabla hawajaingia kujisomea.

Nywele anamsuka Mnigeria wa kitanda cha pili, kila Jumamosi. Mwenzao wa Hong Kong anashika kitana huku akidokoa ubuyu niliotuma. Pakiti tatu, siku mbili, midomo yote myekundu. Picha ninayo.

Chakula bado analalamikia, viazi asubuhi viazi jioni. Hilo sina la kufanya, nimetuma pilipili.

Likizo ya katikati ya muhula anaenda kwa mlezi wake, Leicester. Juzi kaniomba aende na huyo msusi wake. Nimekubali.