Karatasi za kuuza Bujumbura: tuagize Tanzania au Kenya?

Duka la Buyenzi
Nauza vifaa vya shule na ofisi hapa Bujumbura, na sasa nakusudia kuacha kununua kwa madalali ili niagize mwenyewe madaftari, rimu za A4, karatasi za chooni na mifuko ya kaki. Wapo wanaonishauri nielekee Dar es Salaam, na wapo wanaosema kwamba viwanda vya Nairobi vina bei inayofidia umbali. Naomba maoni ya wenye uzoefu, hasa mkizingatia kwamba dola kwetu ni adimu.

Wakala wa Kabanga
Ndugu yangu, amua bidhaa kwanza, nchi itafuata. Mifuko ya kaki iulizie Tanzania, kwa kuwa kiwanda cha Mgololo, wilayani Mufindi, hutengeneza karatasi ya aina hiyo kwa misonobari ya huko huko, ilhali kile kikubwa cha Kenya, cha Webuye, kilifungwa mwaka 2009 na kufufuliwa baadaye na mmiliki mwingine, na Februari 2018 serikali ya huko ikasimamisha kwa miaka kadhaa ukataji wa miti katika misitu ya umma. Kwa madaftari, Nairobi ina viwanda vingi na aina nyingi.

Karatasi za chooni zina hesabu yake. Ni nyepesi lakini hula nafasi, hivyo lori hujaa kabla ya kukaribia uzito unaoruhusiwa, nawe unalipia safari nzima kwa tani chache. Burundi ilipofunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, mzigo wa Nairobi ulilazimika kupitia Namanga na kuikatiza Tanzania hadi Kobero, mpakani mwa Burundi na Tanzania. Kwa njia hiyo, punguzo la kiwandani humezwa na nauli, na mimi ningezinunua Tanzania hata kama bei ya katoni iko juu kidogo. Kuhusu dola, omba bei kwa shilingi za Tanzania. Wauzaji wengine hukubali.

Mchapaji
Naongezea kuhusu rimu. Nyingi zinazouzwa Dar es Salaam na Nairobi zimetoka nje ya Afrika Mashariki, Indonesia kwa mfano, kwa hiyo hapo unalinganisha waagizaji wawili, wala si viwanda viwili. Kabla ya kulipa, weka rimu kwenye mizani: ya karatasi 500 za A4 zenye gramu 80 kwa mita ya mraba inapaswa kukaribia kilo 2.5, na ikisoma kilo 2.2 ujue umeuziwa gramu 70 kwa bei ya 80, au karatasi zimepunguzwa.

Duka la Buyenzi
Nashukuru sana. Je, madaftari ya Kenya yaliyotengenezwa kwa karatasi ya kutoka nje bado yanapata msamaha wa ushuru wa Jumuiya ya Afrika Mashariki?

Wakala wa Kabanga
Yanaweza, iwapo kazi iliyofanyika kiwandani inatimiza kanuni za uasili wa bidhaa za Jumuiya, yaani zinazoamua bidhaa ihesabiwe imetengenezwa wapi, lakini mpakani hawatakusikiliza kwa maneno. Mwambie mwuzaji achukue cheti cha uasili nchini mwake kabla lori halijaondoka. Kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 kipo cheti kilichorahisishwa, kinachotolewa mpakani, nacho kinakufaa kwa oda ya majaribio. Rimu za Indonesia usiziombee cheti hicho, hata kama ankara imeandikwa Nairobi.